Kabla hujanunua lenzi nyingine, pita maktaba kwanza

Haya ni maneno niliyoongea mbele ya kikundi cha watu wanaoanza kupiga picha, tulikutana ndani ya maktaba. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Habari zenu jamani. Asanteni kwa kuja. Naona wengine mmekuja na kamera shingoni na wengine mna simu tu mkononi, wote mko sehemu sahihi, na nyie wa simu msikae huko nyuma, sogeeni mbele, maana karibu kila nitakachosema leo kinawahusu.

Naomba nianze na jambo lililonikuta mwenyewe. Nilipopata kamera yangu ya kwanza, ya mtumba, nilijua kazi imekwisha. Ndugu yangu akawa na shughuli yake kubwa, ile ya mara moja maishani, akaniamini, akasema we ndo utatupiga picha. Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu, kamera nimeiweka kwenye oto inajichagulia yenyewe, na mimi sijui kwamba kwenye giza lile shata, yaani kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka mwanga uingie, inakaa wazi muda mrefu, kama moja ya kumi na tano ya sekunde hivi, watu wanatembea, mkono wangu unatikisika, basi karibu picha zote zikatoka zina ukungu, nyuso hazisomeki. Bibi yetu alikuwepo siku ile, amevaa vizuri, amekaa mbele kabisa. Bibi hayupo tena. Na picha yake nzuri ya siku ile haipo, kwasababu mimi sikujua kitu ambacho kimeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za karibu kila kitabu cha kufundisha upigaji picha, na vitabu hivyo vilikuwepo maktaba, bure, muda wote huo nikiwa napita nje yake.

Sasa baada ya hapo nilifanya kile ambacho wengi wenu mnafanya saivi, nikaingia kwenye intaneti kutazama vidio. Vidio sizikatai, nimejifunza mengi huko na bado natazama. Ila kwa mtu anayeanza zina tabia moja, kila moja inaanza katikati ya safari, leo unaambiwa habari za fokasi, kesho habari za kusafisha rangi, keshokutwa flashi, hujui kipi kinatangulia kipi, na nyingi zinaishia kwenye kifaa cha kununua. Mwezi wa kwanza nikaamini tatizo langu ni lenzi. Mwezi wa pili nikaamini tatizo ni kamera yenyewe. Pesa ikatoka, picha zikabaki vilevile.

Kilichonigeuza ni mkutubi. Nilienda maktaba kwa shida nyingine kabisa, nikapita dawatini nikamwambia mama pale nataka kitabu cha kamera. Akaniletea kimoja, kidogo, kimechoka, kurasa zimekunjwa pembe na waliotangulia. Alafu akasema nimfuate. Tukaenda rafu ya mwisho, chini karibu na sakafu, akatoa kitabu kikubwa kizito cha picha za nyuso za watu, akakiweka mezani, akaniambia mwanangu, kile kidogo utakisoma, hiki usikisome, kitazame tu, ukimaliza njoo uniambie taa ilikuwa upande gani.

Nikakaa nacho nusu saa. Nikarudi nikamwambia taa ilikuwa juu. Hakubisha. Akaweka kidole kwenye kivuli cha pua ya mtu kwenye picha, kivuli kimelalia kulia, akasema basi mwanga umetokea kushoto. Akaniambia tazama machoni. Kulikuwa na kinukta cheupe cha pembe nne kwenye kila jicho. Akasema hilo ni dirisha. Hakukuwa na taa yoyote. Na yule mama hakuwa mpiga picha jamani, alikuwa mtu aliyepanga vile vitabu rafuni miaka mingi na kila akipanga alikuwa anavifungua.

Kwahiyo nilichokuja kuwaambia leo ni hiki, maktaba ina rafu mbili za upigaji picha, moja inafundisha mashine na nyingine inafundisha macho, na sisi tunaoanza karibu wote tunaishia ile ya kwanza. Nataka mtoke hapa mnaijua ya pili.

Tuanze na namna ya kufika. Maktaba nyingi duniani zinapanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo uliotoka 1876, na humo upigaji picha umepewa 770. Ukisimama hapo ukaanza kusogea, 771 ni vifaa na ufundi wake, 778 ni matawi maalumu, mtu anayetaka kupiga vitu vidogo sana au vitu vya mbali, na 779 ndo picha zenyewe, kazi za wapiga picha zimekusanywa kitabuni. Kama upo maktaba ya chuo kikuu huenda wanatumia mfumo wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, hapo tafuta TR. Shikeni hizo mbili tu, 770 na TR, mengine mkutubi atawaonyesha.

Rafu ya ufundi kwanza. Ushauri wangu hapa ni mfupi na najua kuna watakaobisha: chukua kitabu kimoja. Kimoja tu. Vitabu vya kufundisha wanaoanza vinafanana kwa asilimia kubwa sana, vyote vitakueleza mwanga unaingia vipi, kwahiyo ukibeba vitano utasoma sura ya kwanza mara tano na hutafika sura ya nne hata siku moja. Chagua kwa kufungua katikati, soma ukurasa mmoja, kama umeelewa alichosema mwandishi bila kurudia mara tatu, hicho ndo chako. Picha za mfano ziwe na maelezo ya namba zilizotumika pembeni, apecha ngapi, yaani tundu la lenzi, shata ngapi, ISO ngapi, yaani kamera inavyohisi mwanga, maana kitabu kinachokuonyesha picha nzuri bila kukwambia imepatikanaje hakijakufundisha ufundi.

Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo pale wengi wanapokata tamaa. Zile namba za apecha, f/2, f/4, f/8, f/16, mtu akiziona anajiuliza inakuwaje namba kubwa ndo tundu dogo. Hakuna mtu aliyenieleza mpaka nilipoikuta kwenye kile kitabu kilichochoka: ni hesabu ya kugawanya. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, gawanya kwa hiyo namba ya apecha, unapata upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 tundu lake ni milimita 25, ukienda f/10 tundu ni milimita 5. Basi. Ukishaelewa unagawanya, kichwa kinatulia na hutachanganya tena maisha yako yote. Alafu unajua kwamba kutoka f/4 kwenda f/5.6 mwanga umepungua nusu, kutoka 1/125 kwenda 1/250 umepungua nusu tena, na ISO ukitoka 100 kwenda 200 unairudisha ile nusu moja, lakini ukiendelea kuipandisha picha inaanza kuota chengachenga. Mambo matatu hayo yanabadilishana kama watu watatu waliobeba mzigo mmoja, akilegea mmoja wengine lazima wakaze.

Kile kilichoniharibia picha za bibi nacho kina kanuni yake, ya siku nyingi, ipo vitabuni kabla hata ya kamera za dijitali: ukishika kamera kwa mkono, shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ya 50, usishuke chini ya 1/50 au 1/60. Hiyo inazuia mtikisiko wa mkono wako, ila mtu anayetembea anahitaji haraka zaidi ya hapo, 1/250 hivi. Nyingine ni ya jua kali, mchana kweupe hakuna wingu, weka f/16 na shata iwe sekunde moja gawanya kwa ISO yako, ISO 100 basi 1/100 au 1/125, utapata picha hata kama kipimo cha mwanga cha kamera kimekufa. Wapiga picha wa kamera za filamu walipiga miaka na miaka kwa kanuni hiyo bila betri yoyote ndani ya kamera.

Ndo maana nasema msidharau vitabu vya zamani. Unakuta kijana anatoa kitabu cha 1985 anakirudisha kwasababu jalada lina kamera ya filamu. Mwanga haujabadilika. Vivuli havijabadilika. Sura ya mwanga wa dirishani iliyoandikwa miaka arobaini iliyopita inafanya kazi leo jioni kwenye simu yako. Kinachooza ni sura za programu za kompyuta na menyu za kamera, hizo angalia mwaka wa kuchapishwa, kitabu cha programu ya kuhariri picha kikizidi miaka mitano sita utakuta hata vitufe vimehama. Vitabu hivyo vya programu mara nyingi havipo 770, vipo kule kwenye kompyuta, 006.6, ndo maana watu wanavikosa wanadhani maktaba haina.

Wa simu, neno moja kwenu kabla sijaacha rafu hii. Simu nyingi tundu lake ni moja halibadiliki, kwahiyo sura ya apecha mtaisoma kwa kuelewa tu, hamtaweza kuijaribu, msihangaike. Lakini shata na ISO zinawezekana, tafuteni programu ya kamera inayokuruhusu kuzipanga mwenyewe. Na sura zote za mwanga, mpangilio wa fremu, pembe ya kusimama, hizo ni zenu kabisa kabisa, simu haina udhaifu wowote hapo.

Sasa tuingie 779.

Watu wanapita hii rafu wakidhani ni vitabu vya mapambo, vya kuweka sebuleni. Hapana. Hapa ndo kuna walimu. Na kuna sababu ya kawaida kabisa ya kuvitafuta maktaba, vitabu vya picha ni ghali, karatasi nzito, uchapaji wa rangi, vinachapwa vichache, vingi vikiisha havichapwi tena na bei yake inapanda, kwahiyo maktaba ndo mlango ulio wazi kwa mtu asiye na pesa hiyo. Mimi kuna vitabu nimevishika ambavyo nisingeweza kuvinunua hata nikiuza kamera.

Nitawapa mfano wa namna ya kuvitumia. Tafuteni kitabu chochote cha Seydou Keïta, alikuwa na studio Bamako, Mali, aliifungua 1948. Kamera yake ya kwanza alipewa na mjomba wake 1935, akaanza kujifunza mwenyewe. Ukikaa na picha zake utaona watu wamekaa wametulia, mavazi yana maua maua, na nyuma yao kuna kitambaa nacho kina maua, na badala ya vitu hivyo kugombana vinaimba pamoja. Sasa mjue kwamba kile kitambaa cha nyuma cha miaka ya mwanzo kilikuwa shuka lake la kitandani. Shuka! Baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu, na yeye mwenyewe kwa kutazama kitambaa aliweza kujua picha ni ya mwaka gani. Mwanga wake mwingi ni wa jua la uani. Na kwasababu filamu ilikuwa na gharama, mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu, moja, basi yale yote unayoyaona, mkono umewekwaje, kichwa kimeinama kiasi gani, yalipangwa kabla ya kubonyeza. Mtu mwenye simu leo anapiga arobaini alafu anachagua. Nendeni mkajaribu picha moja. Mpange mtu, mtazame, sogeza mkono wake, piga moja, ondoka. Mimi zoezi hilo nimelifanya mwezi mzima na ndo mwezi nilioona nimepiga hatua kuliko miezi yote.

Mfano wa pili, na huu hauhitaji hata kutoka nyumbani. Maktaba ya Bunge la Marekani inatunza picha za mradi wa serikali yao wa miaka ya 1935 mpaka 1944, wapiga picha walitumwa kuonyesha maisha ya wakulima wakati wa mdororo wa uchumi, negativu za nyeusi na nyeupe ziko karibu 175,000 na wameziweka mtandaoni, unazitazama bure na nyingi unazipakua. Humo ndani mna ile picha maarufu ya Dorothea Lange ya 1936, mama ameshika shavu, watoto wamegeuza sura mabegani kwake. Wengi tunaijua ile moja. Lakini pale kwenye mkusanyo zipo na nyingine alizopiga siku ileile kwa mama yuleyule, kuna ya mbali hema linaonekana lote, kuna ya karibu zaidi, mpaka ile yenyewe. Zitazameni kwa pamoja. Utaona mpiga picha anasogea, anaondoa hema, anaondoa vitu, mpaka inabaki sura na mikono. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa kuliko sura nzima ya kitabu inayoeleza mpangilio wa fremu, kwasababu unamwona mtu akifikiri.

Na nisipite hapo bila kusema hili, yule mama jina lake lilikuja kujulikana 1978, miaka mingi baadaye, na alilalamika kwamba picha ile ilizunguka dunia yote na yeye haikumsaidia chochote. Mnaoanza kupiga picha za watu libebeni hilo. Uliza kabla ya kupiga inapowezekana, na ukimwahidi mtu nakala mpelekee. Mambo ya haki za picha yana vitabu vyake upande wa sheria, 346, na afadhali kuyasoma mapema kabla hujaanza kulipwa.

Jinsi ninavyokaa na kitabu cha picha ni hivi. Siku ya kwanza nakifungua chote haraka bila kusimama, mwanzo mpaka mwisho. Siku ya pili nachagua picha moja, naitazama dakika kumi kwa saa, na dakika kumi ni ndefu sana jamani, ya tatu tayari unataka kufungua ukurasa, usifungue. Nauliza mwanga umetoka wapi, natazama vivuli na vile vinukta vya machoni. Nauliza alisimama wapi, macho yake yalikuwa juu ya mtu au chini, maana ukiona paji la uso kubwa na kidevu kidogo alikuwa juu. Nauliza ameacha nini nje ya fremu. Alafu nachora. Sijui kuchora, nachora maboksi tu na mshale wa mwanga kwenye daftari. Jioni naenda kujaribu kuipiga ileile kwa mtu wa nyumbani au hata kwa kikombe juu ya meza. Inatoka vibaya, kesho yake narudi kutazama kitabu nione nilipokosea. Kile kitabu kipo na mimi wiki mbili au tatu kutegemea sheria ya maktaba na tarehe ya kurudisha inanisukuma, kitu ambacho nimekinunua hakinisukumi, kinakaa kabatini.

Mtu ataniuliza, mbona picha zote hizo zipo kwenye simu. Zipo, na nimewatajia. Lakini kitabu kina mpangilio, mpiga picha au mhariri amekaa akaamua picha ipi ifuate ipi, zipi mbili zitazamane, wapi kuwe na ukurasa mweupe mtupu, na huko ndo unajifunza kwamba picha ishirini za kawaida zikipangwa vizuri zinasema kitu, na picha ishirini nzuri zikirundikwa hazisemi. Kwenye simu picha inafuatwa na tangazo.

Sasa onyo la kiufundi ambalo lingeniokoa muda. Unaweza kwenda 779 ukakuta vitabu vitatu ukasema maktaba hii haina kitu. Vitabu vya picha ni vikubwa, havitoshi kwenye rafu za kawaida, kwahiyo maktaba nyingi zinaviweka sehemu ya peke yake, rafu ya vitabu vikubwa, mara nyingine chini kabisa au chumba kingine, na kwenye katalogi kunakuwa na alama mbele ya namba. Vingine vipo sehemu ya rejea, haviazimwi, unasomea hapohapo. Vingine vipo stoo na unaletewa ukiomba. Muulize mkutubi, jamani muulizeni, watu wanaogopa madawati yale kana kwamba ni kituo cha polisi wakati mtu aliyekaa pale kazi yake ni kuulizwa. Na usimwambie nataka kitabu cha picha, hilo ni pana mno, mwambie nataka kujifunza kupiga watu kwa mwanga wa dirishani, au nataka kuona kazi za mtu aliyepiga mitaa usiku, utaona anavyonyanyuka. Kama hakipo, uliza kama wanaazimana na maktaba nyingine, nyingi zinafanya hivyo, na uliza kuna fomu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe, mimi vitabu viwili vimenunuliwa kwa fomu hiyo. Kuna na maktaba siku hizi zinaazimisha mpaka kamera, stendi, skana ya picha za zamani, sio zote ila hujui mpaka uulize.

Kwenye katalogi ya kompyuta, ukipata kitabu kimoja ulichokipenda usiishie hapo, chini ya maelezo yake kuna maneno ya mada, bonyeza neno hilo utaletewa ndugu zake wote. Na jina la mpiga picha litafute kama mada pia, sio kama mwandishi tu, maana vitabu vingi kuhusu kazi yake vimeandikwa na watu wengine.

Alafu tokeni 770. Hili watu hawalitegemei. Unayetaka kupiga picha za ndege, nenda 598, kasome ndege wanakula saa ngapi na wanatua wapi, kitakusaidia kuliko kitabu cha lenzi. Unayetaka nyuso, nenda 750 na jirani zake kwenye uchoraji, wale walihangaika na mwanga wa dirishani mamia ya miaka kabla kamera haijazaliwa. Unayetaka picha za habari ipo 070.49.

Vya mtandaoni nitaviwahi maana muda unaenda. Kama maktaba yako imejiunga na Libby, programu ya simu ya kuazima vitabu, kadi yako hiyohiyo inakufungulia vitabu na majarida kwenye simu. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina vitabu vingi vya zamani vya upigaji picha, vingine unasoma moja kwa moja na vingine unaazima kwa muda kwa akaunti ya bure. Matoleo ya jarida la LIFE kuanzia 1936 mpaka 1972 yapo Google Books kurasa kwa kurasa, na pale unaona habari nzima ilivyosimuliwa kwa picha, sio picha moja moja. Flickr, tovuti ya watu kuweka picha zao, ina sehemu yake inaitwa The Commons, ilianza 2008 na Maktaba ya Bunge la Marekani, sasa taasisi nyingi zimeweka picha zao za kale humo. Na kitabu cha kwanza kabisa kuwa na picha za fotografia, kazi ya Anna Atkins wa Uingereza, alianza kukitoa 1843, mimea ya baharini ameilaza juu ya karatasi yenye dawa akaiweka juani ikatoka nyeupe kwenye bluu, Maktaba ya Umma ya New York imekiweka mtandaoni. Hakutumia kamera hata moja. Kitazameni na watoto, alafu waambieni kwamba ni jua tu na karatasi.

Kuna kitu kuhusu mwanzo wa sanaa hii kinanigusa sana. Agosti 1839 serikali ya Ufaransa ilitangaza hadharani njia ya kutengeneza picha ya Daguerre, mvumbuzi Mfaransa, ikampa yeye malipo ya uzeeni, na ufundi ukaachiwa watu wautumie, ingawa Uingereza alikuwa ameshaweka hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiutumie bila ruhusa. Akatoa kijitabu cha maelekezo, ndani ya muda mfupi kikawa kimetafsiriwa lugha kadhaa, na watu wa nchi za mbali ambao hawajawahi kumwona wakaanza kutoa picha kwa kufuata kijitabu. Yaani wapiga picha wa kwanza kwanza wengi wao walijifunza kama hivi ninavyowaomba mjifunze, wakiwa na karatasi mkononi na dirisha mbele yao.

Kuna mkono umenyooshwa pale. Ndio mama. Unauliza kama unaruhusiwa kupiga picha kurasa za kitabu kwa simu ukafanyie zoezi nyumbani. Uliza sheria ya maktaba husika, nyingi zinaruhusu kurasa chache kwa kujifunza mwenyewe, ila zima flashi, na usije ukaiweka mtandaoni kama kazi yako. Na watu wanaosoma humu ndani usiwapige bila kuwaomba.

Haya, mimi nimemaliza kuongea, sasa tufanye. Rafu ya 779 ipo nyuma yenu na vikubwa vimelazwa chini yake, kila mmoja achukue kimoja, asichague sana, akae meza zile za dirishani. Saa hizi mwanga unaingia kutokea kushoto. Fungua ukurasa wowote wenye uso wa mtu, tazama kivuli cha pua, nitapita meza moja moja kuwauliza taa ilikuwa upande gani.